Kamikaze: usihesabu meli zilizozama tu

Ndugu yangu, umeuliza kama kamikaze, yaani marubani wa Japani wa kujitoa mhanga, walikuwa na faida yoyote katika Vita vya Pili vya Dunia, maana una mdahalo wiki ijayo. Mimi naona walijua kuumiza, kushinda hawakuweza. Anza na tarehe 25 Oktoba 1944, Ghuba ya Leyte, Ufilipino: ndege moja ya kivita ya Japani aina ya Zero iliiparamia St. Lo, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, mabomu yaliyokuwa ndani yakalipuka, ikazama.

Hoja yako nzito iko hapa: marubani wakongwe wa Japani walishakufa, waliobaki ni vijana wa mafunzo machache. Kulenga bomu kuliwashinda, lakini kuielekeza ndege nzima kwenye sitaha waliweza. Karibu na kisiwa cha Okinawa, Japani, 11 Mei 1945, ndege mbili ziliipiga Bunker Hill, manowari nyingine ya Marekani ya kubeba ndege. Wakafa karibu mabaharia 400, ila meli haikuzama. Sitaha za Wamarekani zilikuwa za mbao (ndiyo, mbao!), za Waingereza chuma, zikastahimili zaidi.

Kamikaze wengi walitunguliwa kabla ya kufika. Mpinzani akikubana, muulize: rubani wa kesho atatoka wapi?