Trekta dogo milimani: maswali yenu

Mvua zimerudi, na simu yangu imejaa maswali ya wenye matrekta madogo. Leo najibu matano.

Fundi, shamba letu la Walungu liko mteremkoni. Nitajuaje kama trekta linaweza kuingia?

Mama, usipime kwa jicho. Jicho la mtu wa Bukavu limezoea vilima, kwake kila mahali ni tambarare. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1 na nivo ya mwashi. Elekeza ubao bondeni, ncha ya juu iguse udongo, halafu inua ncha ya chini mpaka povu la nivo litulie katikati. Pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na udongo. Ukipata sentimita 15, huo ni mteremko wa asilimia 15. Mimi ikifika 20 siingizi trekta, na udongo wetu mwekundu ukilowa hata 10 inanitia wasiwasi. Kitabu cha trekta lako kikitaja kipimo kidogo zaidi, fuata kitabu. Na upime pale panapotisha zaidi.

Nilime kwa kupanda na kushuka, au kwa kukata kilima, yaani kupita ubavuni mwake?

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Trekta husimama imara zaidi likitazama juu au chini, kwa kuwa ubavuni ndiko linakoanguka kwa urahisi. Lakini matuta yanayoshuka moja kwa moja ni mifereji: mvua kubwa moja tu, na udongo wako umeenda ziwani. Kwa hiyo kata kilima pale tu mteremko unaporuhusu, polepole, magurudumu yakiwa yametanuliwa. Ukihisi trekta linaegemea, geuza pua bondeni, usiipandishe. Kando ya mtaro wa kuzuia mmomonyoko, kaa mbali angalau sawa na kina cha mtaro. Pasipofaa kukata kilima, mwachie mwenye jembe. Sikubali mtu aniambie nichague kati ya udongo na dereva.

Nikishuka na remorki ya mihogo, naweza kutoa vitesi ili niokoe mazutu?

Hapana, kaka. Ingiza kitesi cha chini kabla hujaanza kushuka, moteri ndiyo ikushikilie, wala usikanyage embreyaji njiani. Unganisha pedali mbili za freni kwa kile kichuma chake. Ukikanyaga ya upande mmoja tu, trekta linageuka ghafla na remorki inalisukuma.

Tuna kisiki cha mkaratusi shambani. Mnyororo tuufunge wapi?

Chini, kwenye nondo ya kuvutia, hapo tu. Usiufunge kamwe kwenye ekseli wala kwenye kiungo cha juu cha plau.

Swali hili linaniuma. Huko Kabare, kijana niliyemfundisha mwenyewe aliufunga juu, akaona kisiki kinakataa, akaongeza moto. Magurudumu ya nyuma yalishika udongo yakagoma kuzunguka. Ekseli ikishindwa kuzungusha magurudumu, inazungusha trekta lenyewe, na pua ikainuka. Nilikuwa hatua kama kumi kutoka hapo. Nilianza kumwita, na kabla jina lake halijaisha kinywani mwangu, usukani ulikuwa umelala kwenye majani. Alitoka na jeraha la bega. Kilichomwokoa ni tao la chuma nyuma ya kiti na mkanda aliokuwa ameufunga kiunoni. Vitu hivyo viwili huenda pamoja: kama trekta halina tao, au tao limelazwa, mkanda usiufunge, maana utakubana chini ya chuma. Lakini, baba, ushauri wangu hasa ni kwamba trekta lisilo na tao lisipande kilima.

Mtoto anayependa kukaa juu ya bawa la gurudumu naye ashuke. Kiti ni kimoja, na hata baba yake hawezi kumdaka.

Yangu ni ile mashine ya magurudumu mawili, ya kushika mikono. Mbona tukishuka inapinda kinyume?

Haijaharibika. Mahali tambarare ukibana mkono wa kushoto, yaani ile embreyaji ndogo ya kupindia iliyo kwenye usukani, gurudumu la kushoto linakatiwa nguvu, la kulia linaendelea, mashine inapinda kushoto. Mteremkoni, mzigo ukisukuma kwa nyuma, gurudumu lililoachiwa linakimbia na lile lingine linabaki limeshikwa na moteri. Hapo mkono wa kushoto unakupeleka kulia. Ukiwa ukingoni mwa barabara ya korongo, mkono wako uliozoea tambarare unakutupa shimoni. Wanaoendesha kila siku hushuka bila kubana embreyaji hizo kabisa, wanapinda kwa kusukuma usukani kwa mwili, kitesi kikiwa cha kwanza. Jizoeze remorki ikiwa tupu, kwenye mteremko mfupi unaoishia kwenye majani.