Storeji ya zamani haichomolewi kama flashi: yaliyonikuta Mbeya

Wakuu, mwezi huu nimepigiwa simu na jamaa wawili, mmoja Iringa mwingine Njombe, na swali lao ni moja: tumenunua storeji mpya, lile boksi la diski za seva, VM zote (kompyuta za kufikirika zinazoishi ndani ya seva) tumeshahamisha, sasa ile ya zamani tunaitoaje kwenye klasta, yaani kundi la seva? Nikawaambia nyie afadhali mmeuliza, mi sikumuuliza mtu.

Ilikuwa hivi. Ofisi niliyokuwepo hapa Mbeya mjini ilikuwa na hosti tatu za ESXi, yaani seva zinazobeba VM kwa programu ya VMware, nyuma yake storeji moja ya iSCSI (inaunganishwa kwa kebo za mtandao) ambayo sisi tulikuwa tunaiita Bibi, manake ilikuwa inakoroma usiku kucha na hakuna aliyekumbuka ililetwa na nani. Mpya ikaja, nikakaa karibu wiki nzima nahamisha VM moja moja kwa Storage vMotion, inayohamisha diski za VM bila kuizima, huku watu wanaendelea na kazi zao hawana habari, nikajiona fundi kweli kweli. Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya mwezi wa saba Mbeya mnaijua, nikaingia chumba cha seva na chai yangu kwenye thamosi, nikafungua datastori ya zamani, ile sehemu ya storeji ambayo hosti zinawekea faili za VM, kuangalia kama kuna kilichobaki. Nikakuta folda moja ya ISO, zile faili za CD za kuinstolia, na folda nyingine kama nne hivi zinaanza na nukta, majina hayaeleweki. Nikasema hizi takataka tu. Nikaenda nyuma ya raki, nikachomoa kebo mbili za bluu za kontrola ya kwanza (storeji ina mbili, ndo ubongo wake), nikasikilizia, kimya, nikachomoa na mbili za kontrola ya pili.

Kurudi kwenye laptop bado ilikuwa shwari. Nikamimina chai. Dakika kadhaa mbele naona hosti ya kwanza kwenye vCenter, ile skrini ya kusimamia hosti zote, imepauka ikawa kijivu, haijibu, kabla sijaelewa na ya tatu nayo ikafuata, na VM zote zilizokuwa juu yake zikapauka nazo. Napiga ping kwenye VM zinajibu vizuri tu, ila nikitaka kuhamisha hata moja haiwezekani, kuzima haiwezekani, yaani ni kama gari linatembea halafu usukani umebaki mkononi mwako. Dada wa uhasibu alikuwa ofisini siku hiyo anamalizia mishahara, kwake mfumo ulikuwa unafanya kazi kama kawaida, akachungulia mlangoni akaniuliza, "Kaka, unatoka jasho na baridi hii?"

Nikarudisha kebo zote nne. Hosti moja ikazinduka yenyewe baada ya muda, ile nyingine ikabidi niiendee kwenye skrini yake, F2, password, nikawasha upya huduma za menejimenti, ndo ikarudi. Hakuna VM iliyozimika. Hiyo ilikuwa bahati yangu tu, isije mtu akasema mbona kwako ilikubali.

Sasa kwa nini hosti zilipauka wakati VM zote zilishahama? Chukulia basi la Dar linakuja Mbeya, limesimama porini huko baada ya Mafinga watu wachimbe dawa. Abiria mmoja hajarudi. Kama alimwambia konda mi nashukia hapa hapa, konda anagonga bodi safari inaendelea. Hiyo wenyewe wanaiita PDL, storeji inaiambia hosti kabisa kwamba hii diski imeondoka haitarudi, na hosti inaacha kuiwaza. Ila kama mtu kaingia msituni kimya kimya, konda anaamini atarudi tu, basi zima linakaa linamsubiri yeye. Hiyo ndo APD, njia zote zimekufa na hakuna aliyeaga. Na ukichomoa kebo nani atakayeaga? Storeji yenyewe ndo umeikata mdomo. Toka vSphere 5.1 hosti ina uvumilivu wa sekunde 140 kwa mpangilio wa kawaida, zikiisha inaacha kung'ang'ania zile kazi zake yenyewe, lakini kama hostd, ile huduma inayoongea na vCenter, imeshajisonga ikisubiri majibu ya diski isiyokuwepo, ndo unaona ile kijivu.

Na zile folda zenye nukta nilizoziita takataka. Moja ilikuwa .vSphere-HA, ile ambayo HA, mfumo wa kuwasha VM kwingine hosti ikifa, inaitumia kujua kama hosti mwenzake bado ana mapigo. Nyingine .dvsData, mambo ya swichi ya mtandao ya pamoja ya klasta. Zilizobaki zilikuwa za skrachi, yaani sehemu ya hosti kuandikia logi na faili zake za muda, manake hosti zetu zilikuwa zinawaka kutoka kwenye kadi ndogo za SD, na kadi hizo hazifai kuandikiwa logi kila saa, kwa hiyo mtu wa zamani akaelekeza logi za hosti ziende kwa Bibi. Alifanya vizuri, hakuandika popote. Na ile folda ya ISO? VM mbili zilikuwa bado zina CD imefungwa ndani, ISO ya Windows tangu siku zilipowekwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mfumo ungenizuia wenyewe. Ningebonyeza kuanmaunti ile datastori, yaani kuifungua kutoka kwenye hosti, kabla ya kugusa kebo, ungeniambia haiwezekani, kuna kitu kinaitumia. Mi nikaruka mlango wenye askari nikapita dirishani. Kwa hiyo we ukikataliwa kuanmaunti usitafute komandi ya kulazimisha, tafuta nani ameshika.

Tulivyoitoa mara ya pili, wiki mbili baadaye, tulianza na bakapu, na siyo bakapu ya kuamini kwa macho, tulirudisha VM moja pembeni tukaiwasha tukaona inawaka. Halafu ukifungua datastori usiangalie faili tu kama mi nilivyofanya, nenda kwenye orodha ya VM zinazohusiana nayo, hapo utaona na zilizozimwa, na zile ambazo zimeshikwa na ISO tu, angalia na templeti (VM za kunakilia) manake hizo watu wanazisahau sana. CD zote zichomoe. Kama kuna VM inayotumia LUN (kipande cha storeji ambacho hosti inakiona kama diski) moja kwa moja bila datastori, yaani RDM, hiyo haionekani ukiperuzi faili, uliza wenye database. Na kama leseni yenu hairuhusu kuhamisha VM ikiwa inatembea, msiumize kichwa, izime usiku, ihamishe, iwashe.

Kisha skrachi. Kwenye mipangilio ya juu ya hosti (Advanced Settings) tafuta ScratchConfig na Syslog.global.logDir, elekeza kwenye datastori mpya, kila hosti na folda yake. Ya skrachi haikubali mpaka hosti izimwe iwashwe, kwa hiyo unaiweka mentenensi modi, VM zinahamia kwa wenzake, unairestati, unaenda inayofuata. Hiyo ndo ilitula siku, seva zetu zilikuwa zinachukua kama dakika kumi na tano kuwaka, mara tatu, na katikati umeme ukakatika tukabaki tunasikiliza UPS inalia, nikamwambia mwenzangu leo hatugusi kitu mpaka jenereta lishike.

HA nayo iambie itumie datastori nyingine kwa mapigo. Inapenda ziwe mbili, kwa hiyo ukibaki na moja itakuwekea alama ya njano kwenye kila hosti, usishtuke, ila ni vizuri ukate LUN mbili kwenye storeji mpya badala ya moja kubwa. Storage I/O Control, ile ya kugawa matumizi ya diski kati ya VM, zima kwenye ile ya zamani, na kama ipo ndani ya kundi la Storage DRS, linalosawazisha mzigo kati ya datastori, itoe humo.

Hapo sasa unaanmaunti, kwenye hosti zote. Ikikubali, unaenda hatua ya kuditachi diski yenyewe, yaani kuiambia hosti iiache kabisa, kwenye kila hosti, na hapa ndo naomba mtulie kabisa. Storeji yetu mpya na ya zamani zote zilikuwa na LUN ya tera nne, kampuni ile ile, na kwenye orodha kila diski inaitwa naa halafu linafuata litarakimu refu, mwanzo zinafanana kabisa, tofauti iko mwishoni. Tuliandika herufi sita za mwisho za LUN ya zamani kwa maka peni kwenye kipande cha boksi, tukakibandika juu ya monita, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anabonyeza, kama watu wanahesabu kura. Mtu akikuona atacheka, mwache acheke.

Ukishaditachi kote ndo unaingia kwenye menyu ya storeji yenyewe na kuondoa ruhusa ya hosti kuiona ile LUN, siyo kabla. Halafu unarudi kwenye hosti kuriskani, yaani zitafute diski upya. Kuna kitu watu wengi wanakiacha hapa: anwani za iSCSI za storeji ya zamani, zile zilizoandikwa kwa mkono na zile zilizojigundua zenyewe, zote futa. Usipofuta, kila hosti ikiwaka itakuwa inamtafuta marehemu, na mtakaa mnajiuliza mbona seva zinachelewa kuwaka siku hizi. Na ile diski uliyoiditachi jina lake linabaki kwenye kumbukumbu ya hosti mpaka uliondoe kwa esxcli, komandi ya kuandika kwenye hosti. Wenye NFS, storeji ya kushea folda kwa mtandao, kwenu ni rahisi kidogo, hakuna kuditachi, ukianmaunti imetoka, ila yale mambo ya ISO na skrachi yanawahusu vile vile.

Baada ya hapo hatukuizima. Tuliiacha Bibi inakoroma wiki nzima, haijaunganishwa na kitu, data zake zimo. Siku ya tatu jamaa wa bakapu akaja, kuna kazi moja ya mwisho wa mwezi ilikuwa inaandika moja kwa moja kule bila kupitia vCenter, mi sikuwa naijua. Kama tungekuwa tumeshaizima na kufuta diski ingekuwa kesi.

Kuizima nako, tumia menyu yake, siyo swichi ya nyuma, manake kontrola ina keshi inayotakiwa kumwagwa kwenye diski kwanza. Na diski msizitoe kienyeji zikaishia kwa mafundi wa simu Mwanjelwa. Mule kuna majina ya watu, mishahara, namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ilianza kutumika Mei 2023. Zetu zilikuwa kumi na mbili, tulizifuta kwanza, halafu tukazipeleka nyuma ya jengo na drili, kila moja matundu matatu, na mzee mlinzi akawa anatushikia waya wa ekstensheni. Boksi lenyewe lilitushinda kubeba watu wawili, tukamwita na dereva, sa hivi liko stoo na juu yake pamewekwa ndoo za usafi.