Vishipa vya zambarau mapajani: vitibiwe au viachwe?

SWALI: Daktari, asalaam alaykum. Ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, nina miaka 39 na watoto wanne. Tangu mimba ya tatu nimetokwa na vishipa vyembamba vya zambarau mapajani na nyuma ya magoti, vimetanda kama utando wa buibui. Haviumi, ila jioni miguu huwa mizito. Shangazi anataka nikapigwe hijama papo hapo vilipo. Shoga yangu kaniletea krimu ya kung'arisha. Ni ugonjwa? Vinatoka?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwalimu. Nianze na shoga yako: hiyo krimu usiipake. Baadhi ya krimu za kung'arisha hutiwa steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, na steroidi ikipakwa kwa miezi huikondesha ngozi mpaka vishipa vya chini vionekane, na vingine vipya vizuke. Utakuwa umekwenda kuongeza ulichotaka kukipunguza.

Damu ya mguuni ina kazi ya kupanda hadi moyoni. Ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vali, milango midogo inayofunguka kuelekea juu tu, na kila ukipiga hatua misuli ya kigimbi huikamua damu hiyo kama mtu anavyokamua tui. Ukisimama ubaoni kipindi baada ya kipindi, kigimbi hakikamui, na uzito wote wa damu unabaki kwenye vena. Mimba nayo huongeza damu mwilini, homoni zake hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba hubana vena za nyonga. Kisha kuna urithi: mtazame mama yako miguu.

Vishipa unavyoeleza viko kwenye ngozi yenyewe na upana wake kwa kawaida haufiki milimita 1. Ukipitisha kidole huvihisi. Vile vya kujipinda kama kamba, vinavyozidi milimita 3, ni habari nyingine. Lakini huo uzito wa jioni ndio ninaoutilia maanani. Kabla ya kutibu chochote, omba ultrasaundi ya dopla ya miguu, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyokwenda, tuone kama vali za vena kubwa zinavuja. Zikiwa zinavuja, kushughulikia vishipa vya juu ni kupaka chokaa ukuta unaopitisha maji.

Zikiwa nzima, huna ugonjwa wa kuhofia. Kutoka, vinatoka. Tiba iliyozoeleka ni sindano: dawa kama polidokanoli huingizwa ndani ya kishipa, kuta zake hushikana, na mwili hukinyonya taratibu kwa wiki au miezi. Mara nyingi kikao kimoja hakitoshi, na mjamzito hafanyiwi. Wanaouza tiba hii hawapendi kulisema hili: kwenye ngozi zetu sindano inaweza kuacha michirizi ya kahawia ikakaa miezi, pengine zaidi ya mwaka, ikaonekana kuliko kishipa chenyewe. Leza inataka hadhari zaidi, kwa sababu mwanga wake hunaswa pia na weusi wa ngozi, ikaungua. Ukishauriwa leza, uliza kama urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064, na kama huyo mtu keshatibu ngozi kama yako.

Ningekuwa mimi, ningeviacha. Mapaja yapo chini ya buibui siku nzima. Buibui kafunika buibui.

Miguu mizito ina dawa nyepesi: soksi za kubana, zenye kiwango cha mbano cha milimita 15 hadi 20 za zebaki. Zivae baada ya sala ya alfajiri, mguu haujajaa. Ukizivua kwa udhu wa adhuhuri, weka miguu juu ya mto dakika kumi ndipo uzirudishe. Wakati wa kaskazi zitakuudhi kwa joto, najua. Hazifuti vishipa vilivyopo. Mwenye kisukari au ateri (mishipa inayopeleka damu miguuni) zilizoziba asizivae kabla ya kupimwa. Darasani, fundisha ukitembea kati ya madawati.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani.

Shangazi mjibu kwa adabu: kikombe cha hijama kinapofyonza hupasua vishipa vidogo, na kuchanja juu ya vena iliyojaa ni kutafuta damu isiyokatika. Akitaka kukufaa, akushikie watoto kwa muda wa saa nzima kila jioni, nawe ulale miguu juu.