Kuruka hadi sura unayoitaka kwenye kifaa kinachosoma

Dada wa Masasi, umeuliza vipi baba yako, asiyeona, afike moja kwa moja kwenye sehemu ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, katika mwongozo wa korosho, bila kusikiliza kurasa zote za mwanzo. Kwa Victor Reader Stream aliyonayo, kile kifaa cha mkononi kinachosoma vitabu na nyaraka kwa sauti, inawezekana kabisa.

Abonyeze kitufe cha 2 au 8 kuchagua ngazi ya kuruka: sura, ukurasa, aya, sentensi. Kisha 6 kwenda mbele, 4 kurudi nyuma. Kifaa kinamtajia ngazi aliyochagua, kwa hiyo ataizoea kwa masikio. Akipotea, 5 inamwambia alipo.

Sasa, usipoisikia ngazi ya sura, usilaumu kifaa. Tatizo liko kwenye faili, na hili linaniuma sana, maana watu wengi wanatengeneza nyaraka kwa macho tu. Wanakoleza maneno na kukuza herufi, wanadhani hicho ni kichwa cha habari. Kwa kifaa ni maandishi ya kawaida tu. Mwombe aliyechapa aweke vichwa kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, kisha ahifadhi kama HTML, yaani muundo wa kurasa za wavuti, au aigeuze kuwa DAISY, muundo wa vitabu vya kidijitali kwa wasioona. Ni kazi ndogo, ila inampa mzee uhuru wa kurudia kusikiliza kipimo cha salfa, dawa ya ubwiri unga, kila akitaka, bila kumsubiri mtu amsomee.

Kama mlipewa PDF ya picha za kurasa, lazima kwanza ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Huku Lindi nakutana nazo mara kwa mara. Kagua tarakimu kabla ya kumpa, hasa za vipimo vya dawa, maana programu hiyo inaweza kuzisoma vibaya.