Maswali Yenu: Kiapo cha Mafia na Magenge ya Gerezani

Je, ni kweli anayeingia mafia hunyweshwa damu? (Kondoa)

Hanyweshwi. Katika Cosa Nostra, mafia ya kisiwa cha Sicily nchini Italia, huchomwa kidole kwa sindano au mwiba, damu ikadondoshewa picha ndogo ya mtakatifu. Picha huwashwa moto, naye huihamisha kiganja hadi kiganja akiapa kwamba akisaliti, nyama yake iungue vilevile. Ni dakika chache. Kinachochukua miaka ni kuchunguzwa ukoo na kupimwa kwa kazi, mara nyingi kazi ya kuua.

Na siri yenyewe haikudumu. Joe Valachi, mwanachama wa mafia ya New York, alikieleza kiapo chake mbele ya maseneta wa Marekani mwaka 1963, na tarehe 29 Oktoba 1989 wapelelezi wa FBI walinasa sauti za sherehe nzima huko Medford, Massachusetts. Kinachowalinda zaidi ni kanuni hii: wanachama wawili wasiofahamiana hawajitambulishi wenyewe, lazima awepo wa tatu anayewajua wote wawili.

Vijana mnaochanjana mtaani kwa kuiga haya, acheni. Wembe mmoja ukipita kwa watu sita hubeba VVU na homa ya ini. Tena kuongoza genge la uhalifu ni kosa hapa Tanzania chini ya Sheria ya Uhujumi Uchumi, Sura ya 200.

Mwanamke anaapishwa? (Nzuguni)

Haapishwi. Lakini mume akifungwa, mara nyingi mke ndiye hupeleka ujumbe na kukusanya fedha, naye hufungwa vilevile.

Bosi akifungwa, genge linaendeshwaje? (Manyoni)

Hili ndilo swali la kuuliza. Nuova Camorra Organizzata, genge la Kiitalia la bosi Raffaele Cutolo, ilizaliwa ndani ya gereza la Poggioreale, Naples, miaka ya 1970. PCC, genge la magereza la Brazil, ilianzia gereza la Taubaté tarehe 31 Agosti 1993, mwaka haujaisha tangu wafungwa 111 wauawe katika gereza la Carandiru.

Njia ni ileile. Selo imefurika, sabuni hakuna, mgonjwa hatibiwi, mgeni hana pa kulala. Genge linampa godoro na ulinzi, kisha linamdai. Akitoka, anachangia kila mwezi, na michango hiyo hulipa mawakili na nauli za familia zinazokwenda kuona wafungwa. Hata mhalifu ambaye hajafungwa hulipa, kwa kuwa anajua siku moja ataingia, na ndani hakuna pa kujificha. Ndiyo maana anayeshika gereza hushika na mtaa.

Kuwatawanya viongozi peke yake hakusaidii: Brazil walijaribu, wakawa wamelieneza genge. Mei 2006 walipowakusanya mamia gereza moja, maasi yakazuka katika magereza zaidi ya 70. Italia ilichagua kukata mawasiliano kwa kifungu cha 41-bis cha sheria ya magereza, kilichoelekezwa kwa mafia mwaka 1992 baada ya Giovanni Falcone, hakimu aliyepambana na mafia, kuuawa: kutembelewa mara moja kwa mwezi, saa moja, kioo katikati, kila neno likirekodiwa. Hilo linawezekana kwa mamia ya wakubwa. Kwa maelfu ya wadogo, dawa ni chakula, sabuni na kesi zinazosikilizwa mapema. Wanaotaka gereza liwe mateso matupu wanayapelekea magenge wanachama.

Kisiwa chetu cha Mafia kinahusikaje? (wengi, tena)

Hakihusiki. Nimeshajibu. Kisiwa kilikuwa na jina lake karne nyingi kabla. Neno la Sicily lilienea baada ya tamthilia ya mwaka 1863 kuhusu wafungwa wa Palermo.

Nimepigiwa simu na anayejiita nyapara: nitume laki mbili, la sivyo mdogo wangu aliye mahabusu atapigwa. (Chamwino)

Usitume. Ukituma mara moja, simu ya pili itadai zaidi. Andika namba, jina lililosajiliwa na saa, usifute ujumbe, kisha upeleke polisi. Siku ya kutembelea nenda mwenyewe, umwone mdogo wako kwa macho, na uombe kuonana na mkuu wa gereza. Kama tishio ni la kweli, mdogo wako amwambie hakimu siku kesi inapotajwa, mahakamani, kwa sauti, liandikwe kwenye jalada.