Kabla hujapandisha kasi ya prosesa yako hapa Tabora

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya video na muziki, karibu kila anayeuliza habari za kuovaklok, yaani kupandisha kasi ya prosesa kuliko ilivyopangwa kiwandani, huanza na hili: itafika gigahetsi ngapi? Swali hilo liwe la mwisho. La kwanza ni kama mashine yako inaruhusu. Kompyuta nyingi za mezani tulizonazo hapa, kuanzia Isevya mpaka Ng'ambo, ni mitumba ya maofisini, na prosesa zake zimefungwa kasi tangu kiwandani. Kwa Intel angalia herufi ya mwisho ya jina: i5-4570 imefungwa, i5-4690K imefunguliwa, lakini hata hiyo K kwa kawaida inataka madabodi (bodi kuu ya kompyuta) yenye chipseti (chipu inayoiratibu bodi hiyo) ya familia ya Z. Kwa AMD, Ryzen za mezani karibu zote zimefunguliwa, ila madabodi za A320 na A520 hazikubali. Tafuta B450, B550 au za X. Kama yako imefungwa, hela yako iende kwenye SSD na RAM, na kwa kazi za kila siku utaona tofauti kubwa zaidi. Laptopu msiziguse. Feni yake inahangaika tayari na joto la kawaida.

Kasi ya prosesa ni hesabu fupi: saa ya msingi, ambayo ni megahetsi 100, mara kizidishi, yaani namba inayozidishwa nayo. Kizidishi kikiwa 42 unapata gigahetsi 4.2. Kukipandisha hatua moja bila kugusa kingine hakuunguzi kitu. Mashine ikishindwa itaganda au itajiwasha upya. Hatari yenyewe imekaa kwenye volteji. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Ukitoka volti 1.20 ukaenda 1.35, macho yanaona 0.15 tu, kumbe matumizi yameongezeka kwa karibu asilimia 27. Ongeza hapo kasi kutoka gigahetsi 4.0 hadi 4.4, unakaribia asilimia 40. Na umeme wote huo unageuka joto mezani kwako.

Volteji iliyozidi pia huchakaza chipu taratibu, hata joto likiwa la wastani. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilieleza kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji kubwa mno, na zilizokwisha kuharibika hazikuponywa na sasisho la BIOS lililotolewa kurekebisha tatizo hilo. Mwenye mojawapo ya hizo asasishe BIOS (programu ya ndani ya madabodi inayoamka kabla ya Windows) kabla ya jambo lingine lolote. Na asifanye hivyo umeme ukiwa unakatika-katika: umeme ukizimika katikati ya kusasisha BIOS, madabodi inaweza isiwake tena. Tumia UPS (betri ya akiba ya kompyuta), au subiri siku iliyotulia.

Sasa hali ya hewa yetu, ambayo video za mafunzo kutoka Ulaya haziijui. Feni haiwezi kupoza prosesa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani inaongezeka kwenye prosesa pia, takriban moja kwa moja. Umepima usiku wa Juni, baridi imeshuka, prosesa ikakaa nyuzi 78 chini ya mzigo, ukafurahi. Njoo Oktoba saa nane mchana, chumba cha bati bila silingibodi: chumba kimepanda nyuzi 15 na prosesa iko 93. Intel nyingi za karibuni zina kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen 7 5800X ni 90. Ikifika hapo inapunguza kasi yenyewe, na faida yote uliyoitafuta imeondoka. Kwa hiyo pima mchana wa joto, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku ya kazi. Mimi sikubali kuvuka 80 katika jaribio la mchana.

Vumbi la kiangazi ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Fungua kesi, toa feni ya prosesa, tazama kati ya feni na mapezi ya hitisinki (chuma kinachotoa joto la prosesa): mara nyingi utakuta utando mzito kama blanketi, umeziba njia yote ya hewa, wakati kwa juu feni inaonekana safi. Ukipuliza kwa blowa, shika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zake huharibika. Pesti ya zamani ya kupitishia joto, kati ya prosesa na hitisinki, iliyokauka ifute kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa dengu, kaza skrubu kwa kupishana pembe. Kwa mashine za mitumba, usafi huu pekee unaweza kushusha nyuzi kadhaa, na gharama yake ni ndogo.

Hapo ndipo mnaanza. Endesha Cinebench (programu ya kupima nguvu ya prosesa) kwa mipangilio ya kiwandani, HWiNFO (programu inayoonyesha joto na volteji) ikiwa wazi, andika alama, joto na volteji kwenye daftari. Kwenye BIOS, volteji usiiachie "auto", kwa sababu madabodi nyingi huipandisha kuliko inavyohitajika. Panda kizidishi hatua moja, jaribu dakika kumi, andika. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana ikikwama hutajua kilichokwamisha. Mashine ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia, toa betri ya CR2032 dakika chache kisha irudishe. Mipangilio inarudi ya mwanzo.

Mashine kutozimika si ushahidi wa usalama. Fungua Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows) utafute WHEA-Logger, maonyo ya makosa ya vifaa. Maonyo hayo yakiwapo, prosesa inakosea hesabu na kujirekebisha kimyakimya, na siku moja itaharibu faili la harusi ya mtu. Jaribu kwa OCCT (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) saa kadhaa, kisha kwa kazi yenyewe: toa video ndefu, iangalie mpaka mwisho. Mafaili ya wateja yawe na nakala kwenye diski nyingine kabla hujagusa BIOS.

Na mwenye Ryzen 5000 au 7000 ningemshauri aanze upande wa pili kabisa, kwa kupunguza volteji. Kwenye BIOS kuna Curve Optimizer, mpangilio wa kurekebisha volteji ya kila kori (kiini cha prosesa). Weka hasi 10 kwa kori zote, pima siku mbili tatu, kisha hasi 15. Joto linashuka, na prosesa ikipata nafasi hupanda kasi yenyewe. Kwa vyumba vyetu vya Oktoba, njia hii mara nyingi inanipa zaidi ya kizidishi.