Jibu: Kwa nini ruzuku ya bata hununua nyasi?

Mkuu, umeuliza kwa nini fedha za serikali ya Marekani za mazalia ya bata wahamao huishia kwenye nyasi badala ya mabwawa, na kama mnaweza kuiga hilo Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam.

Mallard na pintail, aina mbili za bata wa mwituni, hutaga nchi kavu, ndani ya nyasi. Zikikatwa mapema, mashine hupasua mayai. Zikibaki ukanda mwembamba, mbweha huupekua kirahisi. Eneo kubwa lisiloguswa hadi vifaranga watoke ndilo huleta matokeo.

Sheria ya Marekani ya kuhifadhi ardhioevu ya 1989, inayotoa ruzuku hizi, humtaka mwombaji alete angalau dola 1 isiyotoka serikali kuu kwa kila dola 1 ya ruzuku. Wengi hukwama hapo.

Huko Kunduchi msiige mpango huu. Ndege wahamiaji wetu wengi wa pwani hutaga Ulaya na Siberia; hapa kwetu wanakula tu. Andiko lenu liombe fedha za kulinda matope na mikoko.